Nilipotea Usambara: nitafute mtu wa kunifundisha, au vifaa na mazoezi vinatosha?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kike wa sekondari, naishi Dar es Salaam. Likizo ya Desemba mimi na wenzangu watatu tulijipangia kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu, tukifuata ramani ya simu. Siku ya kwanza tulipita msitu wa Magamba bila shida. Siku ya pili tuliondoka saa nne asubuhi, tukaendelea kuteremka ingawa mawingu yalikuwa yameshaziba bonde, mchana mvua ikatukuta, simu zikazima, na njia ikaishia kwenye matuta ya kabichi. Kucha za vidole vya miguu ziliniuma hadi nikatamani kuvua viatu, na mwenzetu mmoja akaanza kutetemeka. Mzee mmoja aliyekuwa amejitwika majani ya ng'ombe akatuona, akatutoa hadi kijijini na familia yake ikatulaza. Njiani alimweka yule mgonjwa nyuma yake mara moja, akatukataza kukanyaga udongo unaong'aa, na kila tulipofika njia panda aligeuka kutazama tulikotoka. Kwa saa mbili nilizomfuata nilijifunza kuliko siku zote mbili. Nataka kurudi nimalize safari ile, baadaye niende Meru, na Mungu akipenda Kilimanjaro. Wenzangu wanasema tatizo lilikuwa vifaa na mazoezi. Mimi naona tulikosa mtu. Nani yuko sahihi, na mtu wa namna hiyo anapatikana wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa yaliyowakuta. Wewe ndiye uliye sahihi, ingawa wenzako nao wana hoja. Koti zuri la mvua lingemsaidia yule aliyetetemeka, na mazoezi yangewapunguzia maumivu. Lakini isome tena barua yako polepole. Karibu kila kilichowaumiza kilianza na uamuzi: kuondoka saa nne, kuendelea kuteremka wakati mawingu yameshaziba bonde, kuiacha njia ya watu na kufuata mstari kwenye kioo cha simu. Kuamua vizuri milimani hakuji na viatu vipya. Mtu hujifunza kwa kutembea na anayejua, tena anayejua na kukubali kukuachia wewe uamue huku yeye akikutazama. Watu wa aina hiyo ni wachache, na nitawaeleza kwa urefu, kwa sababu ndio swali lako hasa.

Kwanza tuipitie siku yenu ya pili, maana ina mafunzo ambayo usipoyaelewa vizuri hata mwalimu bora hatakusaidia.

Tuanze na saa. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku ya kilomita 15 yenye mita 900 za kupanda. Hiyo ni saa tatu na saa moja na nusu, jumla saa nne na nusu, na hapo hujapumzika, hujala, hujapiga picha. Kwa wanaoanza, wenye mizigo mgongoni, kwenye tope, mimi huongeza nusu nzima ya hesabu hiyo, kwa hiyo jumla ni kama saa saba. Mkiondoka saa nne asubuhi mnafika saa kumi na moja jioni ikiwa hakuna kitakachoharibika hata kimoja. Kwenye milima ya Usambara Magharibi watu wengi hudanganyika zaidi, kwa sababu huangalia mwinuko wa pale wanapoanzia na wa pale wanapoishia, wakaona tofauti ni ndogo. Njia ya kule inakushusha bondeni, inakuvusha kijito, inakupandisha mgongo wa mlima, kisha inakushusha tena. Kinachochosha miguu ni jumla ya mipando yote, na jumla hiyo ramani ya simu haikuambii usipoitafuta mwenyewe.

Na sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuna jioni ndefu. Jua likizama huku kwetu, ndani ya nusu saa huoni tena unapokanyaga. Ndiyo maana wenyeji wa milimani huanza safari alfajiri, na hata mabasi ya Mtae huondoka kungali giza. Anayetoka saa kumi na mbili asubuhi ana saa nne za akiba kuliko ninyi. Saa hizo nne ndizo zinazokuruhusu kukosea njia, kurudi, na bado kufika kabla ya usiku.

Kucha zako ziliumia kwenye miteremko, si kwenye mipando. Ukishuka, mguu unateleza ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha yake kwa kila hatua. Dawa yake ni jambo la dakika mbili: kabla ya kila mteremko mrefu kaa chini, legeza kamba, gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa ya kiatu, kisha kaza kamba kwa nguvu pale kwenye kifundo na kuacha sehemu ya vidole iwe huru. Ukifika chini, fungua tena. Nimewaona watu wakinunua viatu vya bei mbaya na kupoteza kucha, na nimewaona wachuma chai wa Usambara wakishuka na viatu vya mitumba bila jeraha, kwa sababu wanajua kufunga kamba. Mapaja nayo huumizwa na kushuka kuliko kupanda, kwa kuwa msuli unafanya kazi ya breki huku ukivutwa, na maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na keshokutwa. Ukitaka kujiandaa ukiwa Dar, acha kushuka kwa lifti. Panda ghorofa kwa namna yoyote, lakini shuka ngazi kwa miguu, polepole, na begi mgongoni.

Kutetemeka kwa mwenzenu ndiko kulikonitisha kuliko yote. Watu hudhani baridi ya kuua iko Kilimanjaro tu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo siku ambayo Tanga watu wanajipepea, mgongoni mwa Usambara kuna ubaridi wa sweta. Ukiongeza fulana ya pamba iliyolowa, upepo na njaa, mwili unapoteza joto haraka kuliko unavyolizalisha. Mtu huanza kwa kutetemeka, kisha anajikwaa, maneno yake yanakuwa mazito, na akiacha kutetemeka bila kupata joto ujue hali imekuwa mbaya sana. Mzee wenu aliliona hilo papo hapo, ndiyo maana alimweka nyuma yake.

Hapo kuna elimu nzima. Aliyechoka akiachwa mkiani, kila wenzake wanapomsubiri anafika wakiwa wameshapumzika, nao huondoka palepale, kwa hiyo mnyonge hapumziki kabisa. Akiwekwa wa pili, kiongozi anazisikia pumzi zake na kwenda kwa mwendo wake, na wote mnalazimika kumfuata. Anayekaa mwisho awe mwenye nguvu na anayejua njia. Sijui mzee alijifunza wapi, lakini sishangai. Anayeswaga mifugo na kutembea na wajukuu kwenye miteremko ile huyajua hayo bila kusomea.

Kuhusu udongo unaong'aa: udongo mwekundu wa kule ni wa mfinyanzi. Ukipitiwa na miguu mingi halafu ukanyeshewa, juu yake panakuwa na utando laini unaoteleza kama sabuni. Pembeni, kwenye majani, mizizi imeshika udongo na mguu unapata pa kung'ang'ania. Tembea pembeni, hatua fupi, magoti yamelegea, na fimbo itangulie chini yako. Tena fimbo ya kawaida ya mti inatosha.

Kugeuka kutazama nyuma ndiko ninakokupenda zaidi katika barua yako, kwa sababu wewe ulikugundua mwenyewe na hukuambiwa. Njia inayokupeleka haifanani na njia inayokurudisha. Mti uliouona mbele yako ukiwa na tawi lililovunjika, ukirudi unauona kwa mgongo, tawi halionekani. Mtu anayegeuka kila njia panda anajiwekea picha ya kurudi kichwani, na mtu mwenye picha ya kurudi haogopi kugeuza safari. Asiye nayo huendelea mbele hata pale ambapo mbele ni pabaya zaidi, kwa sababu nyuma hapajui.

Simu sitaizungumzia sana. Pakua ramani ukiwa mjini, weka simu katika hali ya ndege ili isihangaike kutafuta mtandao mabondeni (alama ya mahali ulipo inaendelea kufanya kazi), ifunge kwenye mfuko wa nailoni, beba betri ya akiba. Lakini ujue kwamba vijia vya mashambani Usambara hubadilika. Mkulima akilima upya matuta yake, kijia cha mwaka jana kinakuwa kabichi. Mstari kwenye simu hauna habari hiyo. Mtoto anayechota maji anayo.

Sasa tuje kwa mtu.

Ninyi mlikuwa vijana wanne, wote wa rika moja, wote wageni. Katika kundi la namna hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "turudi." Aliyechoka anaona aibu, mwenye wasiwasi anadhani ni yeye peke yake, na kila mmoja anaamini kwamba wenzake wana uhakika. Mzee wenu hakuwa na hamu ya kufika Mtae siku ile. Hakuna picha aliyotaka kupiga wala mtu aliyetaka kumwonyesha. Kwa hiyo aliwaona jinsi mlivyokuwa: watu waliolowa, mmoja wao yuko hatarini, na jua limebakiza muda mfupi. Mtu mzima aliyekwishapita hapo mara nyingi anakuletea kwanza hicho, jicho lisilo na haraka. Ujuzi wa njia unakuja baadaye.

Kuna mfano wa zamani ambao huwa nawapa vijana ninaowafundisha kazi ya kuongoza wageni, na una uhusiano na milima hiyohiyo mliyotembea. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwaka 1887, akazuiwa na barafu. Alikuwa kijana mwenye afya na fedha nyingi, lakini hakuwa na vifaa vya barafu wala mtu wa kumwelekeza juu yake. Mwaka 1888 alirudi akiwa na Oscar Baumann, wakazunguka Usambara, kisha wakakamatwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani wa pwani, wakaachiliwa kwa fidia. Mara ya tatu, mwaka 1889, alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mkubwa wake kwa miaka tisa, aliyekuwa amepanda milima ya Alps kule Ulaya kwa miaka mingi. Alipanga pia chakula kipandishwe kutoka Marangu hadi kambi za juu, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akakaa nao kambini kule kwenye baridi ambako wengine wengi hawakukaa. Marangu wanamtaja vilevile Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule.

Ninachotaka ukione ni tarehe 3 Oktoba. Siku hiyo walifika ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu ya mlima, wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa iko ng'ambo, na wao wamechoka na saa zimekwenda. Wakageuka. Walishuka, wakapumzika, wakahamisha kambi yao juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Barafu ilikuwa ileile iliyomzuia Meyer miaka miwili kabla. Safari hii alikuwa na mtu aliyejua kukata ngazi katika barafu, na chakula cha kutosha kilichowaruhusu kusema "leo basi." Vitabu vya shule humtaja Meyer peke yake. Mimi huwataja wote.

Aliyenilea mimi milimani alikuwa askari wa misitu mstaafu, Msambaa wa maneno machache. Tukifika njia panda alikuwa anatafuta jiwe, anakaa, anauliza, "Tupite wapi?" Nikijibu anauliza, "Kwa nini?" Neno "nadhani" hakulipokea. Siku moja alasiri tulikuwa juu ya bonde lenye ukungu mzito, kijiji hakionekani, na mbele yetu kuna vijia viwili vinavyolingana. Akakaa. Nikainama kutazama chini. Kwenye kijia cha kushoto kulikuwa na nyayo za mbuzi, na juu yake nyayo za kandambili ndogo. "Mtoto anachunga," nikasema. Akauliza, "Wanakwenda malishoni au wanarudi?" Nikatazama tena. Kwato zote zilielekea chini. Nyayo za mtoto zilikanyaga juu ya za mbuzi, maana mchungaji hutembea nyuma ya mifugo. Na mvua ilinyesha saa sita mchana, ila nyayo zile kingo zake zilikuwa kali, hazikumegwa na matone. Kwa hiyo wameshuka baada ya mvua, alasiri, saa ya kurudisha mbuzi nyumbani. Nikamwambia kijiji kiko chini kushoto. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisimama, akapangusa suruali, akasema, "Haya, tangulia."

Angeweza kuniambia njia kwa neno moja. Alikulia pale, aliijua akiwa amefumba macho. Lakini angesema, mimi ningefika kijijini nikiwa najua kijia kimoja tu.

Wewe ni mwalimu, utanielewa haraka. Ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wako alikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Hakukunyang'anya chaki ulipokwama kwenye mfano. Alisubiri, kisha nje ya darasa akakuuliza kwa nini ulifanya vile. Mlezi wa milimani naye hukaa hivyo nyuma yako, akiwa karibu kiasi cha kukudaka ukiteleza. Mwongozaji wa kawaida wa watalii hutembea mbele, na kazi yake ni kukufikisha salama na kukurudisha. Ni kazi ya heshima, mimi nimeifanya na ninaifundisha. Ila ukitembea nyuma ya mtu miaka kumi bila kuulizwa "tupite wapi," utabaki kuwa mgeni.

Kumpata si kugumu kama unavyofikiri. Lushoto kuna waongozaji wenyeji wa utalii wa kitamaduni, na kupita Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu hata hivyo, kwa hiyo utakutana nao. Waambie waziwazi: sitaki kupelekwa tu, nataka kufundishwa, nataka niongoze mimi na wewe unisahihishe. Wengine watakuangalia kwa mshangao. Atakayetabasamu na kuuliza maswali, keti naye. Walio bora mara nyingi ni wastaafu: askari wa misitu, askari wa hifadhi, wapagazi wa zamani wa Kilimanjaro ambao magoti yamechoka lakini macho bado.

Kabla hujakubaliana naye, mwulize swali moja: "Mara ya mwisho ulipogeuza safari kabla ya kufika, ilikuwaje?" Msikilize vizuri. Mjuzi atakueleza mara moja, kwa undani, mawingu yalikaaje, nani alikuwa anaumwa, saa ngapi, na hataona haya hata kidogo. Anayekujibu kwamba hajawahi kugeuza, mshukuru uende zako. Ama hajatembea sana au hasemi ukweli, na vyote viwili ni hatari. Mwepuke pia anayecheka hofu yako. Hofu ya mwanafunzi ni taarifa, na mwalimu mzuri huichunguza: unaogopa nini hasa, kuteleza, kiza, au ule mteremko wa kushoto? Na kwa kuwa wewe ni binti, ukimwona mtu anayekutaka uje peke yako bila wenzako, au hataki safari yenu ijulikane kwa mtendaji wa kijiji, usibishane naye, acha. Kuripoti ofisi ya kijiji unapolala ni adabu ya zamani na ni usalama wako.

Halafu kuna mzee wako. Usimtafute mwingine kabla ya kurudi kwake. Nenda kumsalimia kwanza, na uende na kitu cha nyumbani: sukari, majani ya chai, sabuni, na hata kanga ya mke wake, maana chakula mlichokula usiku ule alikipika mama. Usianze na habari za safari. Kaa, kula, sikiliza. Kisha mwombe akutembeze siku moja, na hapo zungumza malipo bila kuona aibu. Siku ya mkulima ina thamani. Akikuongoza ng'ombe wanamsubiri na shamba linamsubiri. Nasisitiza hili kwa sababu watu wa mjini tuna tabia ya kuita ujuzi wa mzee wa kijijini "ukarimu" na ujuzi wa mtu mwenye cheti "huduma," tukamlipa wa pili peke yake. Mlipe angalau kama ambavyo ungemlipa mwongozaji wa mjini. Ukimwuliza "kwa nini" mara nyingi na asichoke, umeshapata mlezi.

Kuhusu ratiba, nakushauri usiende Meru mwaka huu. Anza karibu na nyumbani. Panda treni ya SGR hadi Morogoro, upande Morningside kwenye Uluguru: ni mpando wa zaidi ya mita 700 kutoka mjini, unakwenda na kurudi siku moja. Fanya hivyo mara kadhaa, na kila mara andika kabla ya kuondoka utafika saa ngapi kwa kanuni ya Naismith, kisha linganisha na ulivyofika kweli. Baada ya muda utaijua kanuni yako mwenyewe. Rudi Usambara kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua, na uiongoze safari yote wewe, mzee au mwongozaji akiwa nyuma. Usiku wa miezi hiyo Lushoto ni baridi kali, beba sweta la sufu na nguo moja kavu ambayo huivai kabisa mchana, hata ukilowa vipi. Maji kunywa kama nusu lita kwa saa ukiwa unatembea, na ule chumvi kidogo na karanga. Maji matupu mengi bila chakula nayo hudhoofisha.

Meru ni mlima mwingine kabisa. Kilele kiko zaidi ya mita 4,500, na juu ya mita 2,500 hewa pungufu huanza kuumiza kichwa hata cha mwenye nguvu. Kwenye kambi ya Miriakamba utalala mita 2,500 na kidogo, kwenye kambi ya Saddle mita 3,570, na safari ya kileleni huanza usiku wa manane kwenye ukingo mwembamba ambao mchana watu huutazama na kunyamaza. Askari mwenye silaha hutembea nanyi kwa ajili ya nyati. Pale sheria haikuachii uende peke yako, na ni vizuri. Lakini usiku kabla ya kupanda, mwombe mwongozaji akutajie saa ambayo mtageuka popote mtakapokuwa, na akutajie dalili zako ambazo zitamfanya akushushe bila mjadala: kichwa kinachozidi kuuma baada ya dawa, kutapika, kuyumba kama mlevi. Mkubaliane mkiwa mmekaa, akili zikiwa timamu, kwa sababu juu kule mtu anayeumwa na hewa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa.

Kilimanjaro ikifika, mpelekee ratiba ya kampuni yule aliyekulea, aikosoe kabla hujalipa hata shilingi. Mwambie aangalie wapagazi wanalipwaje na mzigo wa kila mmoja unapimwa langoni usizidi kilo 20, halafu aangalie idadi ya siku. Akikwambia ongeza siku moja ya kuzoea hewa, iongeze. Ada ya hifadhi kwa siku hiyo itakuuma mfukoni, lakini safari za siku tano ndizo zinazorudisha watu wengi kabla ya kilele, wengi wao wakiwa na miguu mizima na vifaa vizuri.